Darasa la Zoom, kozi ya kujisomea au kundi la WhatsApp: mdogo wangu achague nini hapa Lubumbashi?

Yaya_wa_Katuba
Jambo wote. Mdogo wangu amepata diploma ya serikali, ya kumaliza sekondari, na anataka kusoma uhasibu kwa mtandao, maana asubuhi anamsaidia mama sokoni. Yuko na simu nzuri. Kompyuta tutatafuta ya mitumba. Tumeona njia tatu:
A. Darasa la Zoom, jioni nne kwa wiki, muda wa saa mbili kila jioni, mwalimu yuko Kinshasa.
B. Kozi zilizorekodiwa za ng'ambo, unasoma unapopata nafasi.
C. Santre moja ya hapa mjini: sillabusi za PDF na sauti kwenye WhatsApp, halafu kila Jumamosi mnakutana.
Minervali (ada) ya A ni karibu mara mbili ya C. Waliopitia wanieleze. Matangazo sitaki.

Mhasibu_Kampemba
Yaya, mimi nilianza na A nikaikimbia. Zoom ya watu wengi wakiwa na picha hula kama mega 800 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Saa nane kwa wiki ni giga 6 na ushee. Ongeza hiyo juu ya minervali kwanza, ndipo useme A ni bei gani. Ukizima kamera yako unapunguza, lakini picha ya mwalimu bado inaingia. Na hiyo jioni wanayofundisha ndiyo saa ya delestaji kwetu, umeme unakatwa.

Tena kuna jambo dogo lililonimaliza: Kinshasa wako nyuma yetu saa moja. Mtihani uliandikwa saa 4 asubuhi. Nikaingia saa 4 yetu, sikukuta mtu, nikasema umeahirishwa, nikaenda zangu mjini. Ulianza saa 5 yetu. Nilipewa sufuri na hakuna aliyenisikiliza. Aandike ukutani, kwa kalamu nene.

Kuhusu B, muulize kwanza ni uhasibu wa wapi. Kongo tuko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na hapa tunafuata SYSCOHADA, mfumo wake wa uhasibu, ule uliorekebishwa unaotumika tangu 2018. Kozi ya Marekani itamfundisha kufikiri, sawa, lakini namba za akaunti atakazoulizwa kazini hazimo. Nimeona kijana mwenye cheti kizuri cha mtandaoni akishindwa kuandika mauzo ya kawaida kwenye akaunti ya daraja la 7, ile ya mapato.

Mwalimu_wa_hesabu
Mhasibu amesema vizuri. Mimi naongeza hatari nyingine ya B: hakuna anayekuuliza kitu. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2019 uliangalia kozi za MIT na Harvard. Kati ya wote walioshiriki 2017-18, waliomaliza walikuwa kama 3 kwa mia. Wengi waliingia kuchungulia tu, najua, lakini hata hivyo ni wachache mno.

Halafu video inadanganya. Unamtazama mtu akifunga bilansi (mizania), unatikisa kichwa, unajiona umeelewa. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilijaribu jambo hili mwaka 2006 kwa maandishi ya kusoma: kundi moja lilirudia kusoma, la pili lilifunika maandishi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikuwa wamebaki na 42 kwa mia, na wale wa kuandika 56. Kwa hiyo mdogo wako, njia yoyote atakayoshika, asimamishe video, achukue karatasi, afunge hesabu mwenyewe, ndipo aangalie jibu. Wanafunzi wangu wanaofanya hivyo siwahangaikii.

Mama_Ruashi
Ninyi wanaume mnahesabu mega. Mnasahau nyumbani! Msichana akishika simu saa kumi na mbili jioni, kila mtu anajua anacheza. "Leta maji." "Nenda ununue makaa." Mimi nilisoma mwaka mzima nikiwa na watoto wawili, na kilichonisaidia ni kitambaa chekundu. Nikijifunga kichwani, niko darasani, hata mama mkwe haniiti. Walicheka wiki ya kwanza. Ya pili mtoto mwenyewe alikuwa anawafukuza wageni mlangoni.
Yaya, kaa na mama yenu kabla hamjalipa chochote. Saa zake ziwe zake.

Promo_ya_C
Nilisoma kwenye santre ya namna hiyo (siitaji). Uzuri: sauti ya dakika kumi haifiki mega 3, unaipakua mara moja, unaisikiliza hata kwenye giza. Ubaya: kundi la watu mia mbili, "amina" na "heri ya kuzaliwa" zinafunika masomo, na mwalimu akisafiri ni kimya. Jumamosi ndizo zilizoniokoa. Tulikuwa watatu wa mtaa mmoja, na ukikosa zoezi wenzako wanakuja kwako kuuliza kulikoni.

Kabla ya kulipa, aombe kuona kazi ya mwaka jana iliyosahihishwa, kwa kalamu ya mwalimu kweli. Wakianza kuzungukazunguka, aondoke. Na kama ni diploma ya nje, aulize mapema habari ya ekivalensi, yaani kutambuliwa kwa diploma hiyo hapa, kwenye wizara ya elimu ya juu, ESU.

Yaya_wa_Katuba
Asanteni sana. Mama amekubali saa 12 hadi saa 2 usiku, kitambaa kimeshapatikana ila ni cha njano. Kesho tunakwenda santre kuomba hizo kazi zilizosahihishwa. Zikiwepo tutalipa mwezi mmoja tu kwanza, na za B atazitazama kwa mazoezi. Swali la mwisho: nimepewa laptopu ya bei nzuri lakini betri imekufa. Nichukue?

Mhasibu_Kampemba
Betri imekufa, na delestaji hii? Huo ni ubao wa kukatia matembele, yaya. Iwashe mbele ya muuzaji, chomoa chaja, kaa hapo saa nzima mkipiga hadithi.

Mama_Ruashi
Na njano ni sawa.