Naomba ushauri: unapangaje mikakati wakati kesho haitabiriki?

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu hapa nimekwama. Naongoza timu ya watu 12 na tangu mwaka uanze tumeshabadilisha mpango mkubwa mara 3, kila tukiuweka sawa mara sheria imebadilika, mara mteja mkubwa kageuka, yaani ni kukimbizana tu. Juzi kwenye kikao kijana mmoja kaniuliza "bosi, huu ndo wa mwisho au tusiprinti kwanza?" watu wakacheka, na mimi nikacheka ila iliniuma.

Nimejaribu ile njia ambayo kampuni ya mafuta ya Shell walianza kuitumia kabla ya mgogoro wa mafuta wa 1973, badala ya kubashiri kesho moja unaandika picha 3 au 4 tofauti za jinsi kesho inavyoweza kuwa halafu unajiuliza kila moja ikitokea tutafanya nini. Shida watu wote wakaing'ang'ania ile picha nzuri, zingine zimelala kwenye faili. Tukajaribu pia kujifanya mpango umeshakufa tutafute kilichouua, hii kidogo ilisaidia, hata wale wakimya waliongea (mmoja alitaja kitu ambacho mi mwenyewe nilikua nakikwepa).

Sasa maswali yangu ni mawili. Unajuaje dalili hii ni ya kubadili mwelekeo na hii ni kelele tu za wiki? Na unaiambiaje timu "sijui" bila wakuone umepwaya?

Waliowahi kuongoza watu kwenye hali kama hii naombeni mnijibu, Ijumaa nna kikao kingine.