Mjadala: Je, balozi wa China alistahili kwenda Petaling Street?

Ndugu zangu, wapo wanaoshikilia kwamba serikali ya China ina wajibu wa kumtetea kila mwenye asili ya Kichina popote alipo, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Mimi napinga, na mfano wangu ni Malaysia.

Tarehe 25 Septemba 2015, siku mbili kabla ya sikukuu ya Kichina ya katikati ya vuli, aliyekuwa balozi wa China nchini humo, Huang Huikang, alitembelea Petaling Street, mtaa wa maduka na vibanda vya Wachina katikati ya Kuala Lumpur. Siku tisa kabla ya hapo, waandamanaji wa mashati mekundu, Wamalay walioiunga mkono serikali ya wakati huo, walijaribu kuuingia mtaa huo kwa nguvu, polisi wakawazuia kwa magari ya kurusha maji, na mkusanyiko mwingine ulikuwa umetangazwa kwa kesho yake. Balozi alisema kuwa China inapinga ubaguzi na misimamo mikali, na kwamba haitakaa kimya iwapo maslahi yake, raia wake au kampuni zake zitaguswa.

Ukiyasoma maneno hayo peke yake, huoni kosa, kwa sababu kila ubalozi hulinda raia wake. Lakini wengi wa wafanyabiashara wa mtaa ule ni raia wa Malaysia, ambao wenyewe hutofautisha huaqiao, yaani raia wa China aishiye ng'ambo, na huaren, mtu mwenye asili ya Kichina aliye raia wa nchi nyingine. Mahali aliposimama balozi palifuta tofauti hiyo. Tena China yenyewe iliikubali kwa maandishi: katika tamko la pamoja la tarehe 31 Mei 1974, Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, na Tun Abdul Razak, waziri mkuu wa Malaysia, walikataa uraia pacha, na ikaelezwa kuwa mwenye asili ya Kichina aliyechukua uraia wa Malaysia amepoteza ule wa China.

Najua nitajibiwa kwa Mei 1998, pale maduka ya Glodok, mtaa wa wenye asili ya Kichina mjini Jakarta, Indonesia, yalipochomwa moto na wanawake wenye asili ya Kichina wakabakwa, huku Beijing ikijizuia mno kusema. Hoja hiyo ni nzito na inaniuma. Hata hivyo, ukatili wa namna ile ungepaswa kulaaniwa na serikali yoyote duniani kwa sababu waathirika ni binadamu, wala si kwa sababu ya nasaba yao. Kuala Lumpur mambo yalikuwa tofauti, maana polisi wa Malaysia walikwisha kuonyesha kwamba wanaulinda mtaa.

Isitoshe, tangu 2018 ofisi ya serikali iliyokuwa ikishughulikia Wachina wa ng'ambo imeunganishwa na idara ya Chama cha Kikomunisti yenye kazi ya kuvuta uungaji mkono nje ya chama, jambo linalozidisha shaka juu ya kila ziara ya aina hii.

Anayeona vinginevyo anijibu hili: mwenye kibanda aliyezaliwa palepale, ambaye wenye chuki humwambia kila siku kwamba serikali yake iko Beijing, alipata kinga gani siku balozi wa Beijing alipokuja kumsimamia?