Naomba ushauri: watoto bado wana pneumokokasi puani, je, chanjo imefaulu?

Mwanafunzi_Pwani: Wanajukwaa, salaam. Ninaandika tasnifu kuhusu mwenendo wa maambukizi ya pneumokokasi, bakteria wanaosababisha nimonia, huko Kilifi. Kenya ilianza kutoa chanjo dhidi ya aina 10 za bakteria hawa Januari 2011, na Kilifi ikafanya kampeni ya ziada kwa watoto wote wa chini ya miaka 5, hata waliokwisha kupita umri wa dozi za wiki ya 6, 10 na 14. Hata hivyo, vipimo vya puani baada ya chanjo vinaonyesha kwamba watoto wengi mno bado wanabeba bakteria hao. Msimamizi wangu ameuliza iwapo chanjo ilifaulu, nami nikakosa jibu.

Daktari_wa_Watoto: Kosa ni kuwajumlisha wabebaji wote. Pneumokokasi ina aina zaidi ya 90, na chanjo hiyo inalenga 10 tu. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, ubebaji wa aina hizo ulishuka kutoka 34% hadi 13%, huku aina nyingine zikijaza nafasi iliyoachwa. Pua haikubaki tupu, lakini wapangaji wamebadilika, na wengi wa hawa wapya hawana nguvu kubwa ya kupenya hadi kwenye damu. Tazama ugonjwa wenyewe: maambukizi makali ya aina za chanjo kwa watoto hao yalipungua kwa zaidi ya 90%, kutoka takribani 61 hadi 3 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka.

Muuguzi_Mstaafu: Mwanangu, usiwasahau wasiochanjwa. Ugonjwa wa aina hizo ulipungua pia kwa watu wazima, kwa kuwa mtoto mdogo ndiye huwaambukiza wakubwa nyumbani.

Fundi_Maabara: Nami nakuonya kuhusu kulinganisha Kilifi na kwingineko. Pale damu huoteshwa (huwekwa maabara ili bakteria waliomo wakue na kuonekana) karibu kwa kila mtoto anayelazwa, ilhali hospitali nyingi huotesha ya mahututi pekee, tena baada ya mzazi kumpa mtoto antibiotiki za duka la dawa, na bakteria aliyekwisha kuuawa haoti. Isitoshe, nimonia nyingi za pneumokokasi haziachi bakteria kwenye damu, kwa hiyo hata takwimu za Kilifi ni sehemu tu ya mzigo.

Mwanafunzi_Pwani: Nashukuru sana. Nitalipanga upya jedwali kwa aina na umri. Je, watoto wenye selimundu niwaweke peke yao?

Daktari_wa_Watoto: Naam, pamoja na wenye VVU, kwani hatari yao ni kubwa mara nyingi zaidi.