GOTI LA MAMA – TAREHE 18

*Jumamosi*

Zubeda 06:41
Assalam alaykum jamani. Zimebaki siku kumi na saba Mama akabadilishwe goti Dar. Leo nataka majibu, msinijibu kwa dole gumba. Nimeamka alfajiri nimepima nyumba nzima kwa futi yangu ya kushonea, Mama bado amelala.

Zubeda 06:43
Kiti chake cha ukumbini kina inchi 14 kutoka sakafuni. Akikaa, magoti yanapanda juu kuliko nyonga. Yule dada wa mazoezi amesema kiti kiwe kirefu, kigumu, chenye mikono ya kushikilia, akikaa nyonga ziwe juu ya magoti. Hiki kitammeza, kumtoa mpaka watu wawili.

Zubeda 06:44
Kitanda inchi 17 na godoro limebonyea katikati. Mlango wa choo inchi 24, ile fremu ya kutembelea tuliyoonyeshwa ina inchi 25. Na choo chenyewe mnakijua, cha kuchuchumaa. Mtu mwenye goti jipya hachuchumai.

Zubeda 06:46
Mikeka yote ya korido nimeikunja nimeipandisha darini. Mama akiiulizia semeni inafuliwa.

Sele 07:58
👍

Zubeda 07:58
Sele nimesema nini?

Sele 07:59
Hilo la kuitikia salamu dada 😂 Wa alaykum salaam.

Zubeda 08:02
Damu. Wanataka ndugu wawili wachangie kabla ya tarehe 10. Nasra ana kilo 46 hawamchukui, wanaanzia 50. Mimi presha yangu mnaijua. Kwa hiyo Hamisi na Sele.

Sele 08:05
Mimi mambo ya sindano jamani... mnakumbuka hospitali ya Bombo.

Wifi Mwanahawa 08:06
😂😂😂 Alianguka sindano haijatoka kwenye karatasi

Sele 08:07
Nesi alikuwa na sura kali!

Sele 08:08
Ila Mama akishawekwa chuma, pale uwanja wa ndege mashine italia. Rehema andaa maelezo.

Wifi Mwanahawa 08:09
Coastal Union wamsajili beki wa kati, mtu hapiti

Sele 08:09
😂😂 Chuma cha Ngamiani

Zubeda 08:15
Nimeuliza damu.

Zubeda 08:31
Hamisi umesoma. Naona tiki za bluu.

Zubeda 09:10
Sukari. Jana asubuhi kabla hajala ilikuwa 11.2. Wamesema ikikaa hapo wanaahirisha. Kidonda cha mwenye sukari ya juu kinachelewa kufunga, na vijidudu vikishakalia kile chuma kuvitoa ni kupasuliwa upya. Ndiyo maana hata jino lake bovu la nyuma linang'olewa Jumanne, kabla, si baada. Uchafu wa kinywani unapita kwenye damu unafika gotini. Na dawa zake zote naziandika kwenye karatasi, pamoja na ile mizizi anayochemsha, daktari aone ipi asimamishe na lini. Anaficha chupa chini ya kitanda, nimeiona.

Zubeda 09:12
Rehema ile haluwa aliyoleta Bi Saada nimewagawia majirani.

Rehema Maskati 11:20
Yote??

Zubeda 11:21
Yote. Umeamka kumbe.

Rehema Maskati 11:22
Nipo kazini dada. Nimetuma riali 80 tangu Alhamisi, hata ahsante sijaiona.

Zubeda 11:24
Zimefika, ahsante. Zinaingia kwenye choo cha kukaa na fundi wa mlango.

Nasra 11:40
Shikamooni wote. Naomba niseme kitu kuhusu Bibi. Jana usiku tulikuwa tumelala naye, nikadhani amesinzia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huo mguu wakishaukata wanautupa wapi? Au wanakupa ukauzike?"

Nasra 11:41
Kumbe miezi yote hii anajua anakatwa mguu. Hajawahi kuuliza mbele yenu. Kila mkimwambia anajibu "sawa wanangu, mnavyoona".

Wifi Mwanahawa 11:44
Ya Rabbi. Masikini mama mkwe

Sele 11:45
Nani kamwambia hivyo?

Nasra 11:47
Hakuna aliyemwambia, Mjomba. Na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Sote tunasema "unabadilishwa goti". Yeye akisikia goti limetolewa, anaona na cha chini yake kimeondoka.

Zubeda 11:50
Mimi nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia mara nyingi sana kwamba ni operesheni ndogo, saa moja na nusu ametoka.

Nasra 11:55
Ndiyo Mama. Ila mazoezi anayafanya vizuri. Analala chali, anabana msuli wa paja, anagandamiza goti kitandani mpaka nihesabu tano, mara kumi, asubuhi mchana na jioni. Yule dada alisema paja likiingia na nguvu, linatoka na nguvu. Na lile la kuchezesha nyayo juu chini ili damu isigande kwenye shavu la mguu nilimwambia akanyage kama yuko kwenye cherehani. Alicheka sana. Akasema "Cherehani yenyewe iko wapi siku hizi?"

Zubeda 11:57
Muulizeni Rehema.

Rehema Maskati 12:03
Naulizwa nini?

Zubeda 12:04
Iko wapi.

Sele 12:04
Jamani cherehani tena? Miaka yote hii?

Rehema Maskati 12:06
Kila nikituma hela linakuja hili. Kila mara. Mlinipakia nyinyi kwenye ndege, nilikuwa na miaka 19.

Zubeda 12:08
Sikatai hela. Ila riali hazimshiki mtu mkono saa nane za usiku akitaka kwenda chooni. Kwa Baba nilikuwa peke yangu. Hamisi alikuja na shuka la maiti.

Rehema Maskati 12:09
*Ujumbe huu umefutwa*

Rehema Maskati 12:11
*Ujumbe huu umefutwa*

Wifi Mwanahawa 12:15
Dada Zubeda hilo la Hamisi siyo haki. Tulikuwa njiani gari likaharibika Segera. Unajua.

Mama Mkubwa 13:02
🎤 Sauti 2:14

Nasra 13:20
Kwa wasioweza kufungua sauti. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza:

"Zubeda, Rehema, nyamazeni. Cherehani ile ilitoka mlangoni nikiwa nimekaa barazani. Aliyeitoa ni mama yenu kwa mkono wake, akaifuta vumbi kwa kanga aliyojifunga ndipo ikapakiwa kwenye mkokoteni ikauzwe kwa nauli ya Rehema. Hakunyang'anywa. Kwa hiyo hakuna mwenye deni, msidaiane kitu cha mtu aliye hai. La pili. Mnamwambia mdogo wangu operesheni ndogo. Neno hilo liacheni kuanzia leo. Baba yenu naye aliambiwa ndogo. Alitoka Barabara ya 12 anatembea, kofia kichwani, anawaaga watu wa dukani. Mlimrudisha mmembeba. Mama yenu akisikia ndogo anasikia sanda. Mwambieni ni kubwa. Mwambieni itauma na mpaka lini, na nani atakuwa mlangoni akizinduka. Mtu mzima hatulizwi kwa kudanganywa. La tatu. Ngazi za kwa Hamisi ghorofa ya tatu hapandi. Akitoka hospitali anakuja kwangu Tandika. Nimemaliza."

Zubeda 13:58
Nimekusikia Mama Mkubwa. Shikamoo.

Sele 14:01
Shikamoo Mama Mkubwa. Nitatoa damu.

Rehema Maskati 14:30
Shikamoo Mama Mkubwa.

Rehema Maskati 14:31
Sikujua aliifuta.

Zubeda 14:40
Nilisema ndogo kwa sababu yeye alikuwa anatetemeka. Sikufikiria Baba kabisa. Na mimi ndiye niliyekuwepo.

*Jumamosi jioni*

Nasra 18:12
Leo tumepika kuku. Nilimwekea Bibi paja pembeni bila mchuzi, nikalifungua pale kwenye kiungo mbele yake. Nikamwonyesha ile ncha nyeupe inayong'aa, inayoteleza ukiipitisha kidole. Nikamwambia Bibi hili ndilo gegedu, lako limelika lote, ndiyo maana mfupa unasaga mfupa na unasikia kule kukwaruza ukiinuka. Akaigusa yeye mwenyewe, akaizungusha zungusha.

Nasra 18:15
Nikamwambia mguu haukatwi. Wanachonga ncha za mifupa tu, kidogo juu, kidogo chini, wanavisha kofia ya chuma kama jino linavyovishwa, na katikati wanaweka plastiki ngumu iteleze badala ya gegedu. Ngozi yako, nyama yako, kidole chako cha mwisho, vyote vinabaki. Hawalazimiki kukulaza kabisa, wengi wanachomwa ganzi ya mgongo, chini hausikii.

Nasra 18:17
Akakaa kimya muda. Halafu akauliza, "Na itauma?" Nikasema ndiyo Bibi, wiki za mwanzo itauma sana, utapewa dawa, na watakusimamisha siku ileile au kesho yake, utakasirika. Uvimbe miezi mitatu si ajabu. Akasema "Hapo sasa umesema." Akala lile paja.

Sele 18:20
Mpaka mfano kaula 😂 Huyo ndiye Mama

Rehema Maskati 18:26
Nalia hapa kwenye basi la wafanyakazi. Nasra Mungu akuzidishie.

Nasra 18:30
Kuna moja linamsumbua bado. Kusujudu. Anasema akiambiwa asipige magoti tena atajiona kama amekatwa kweli.

Mama Mkubwa 18:52
MWAMBIENI SWALA YA KITI NI SWALA MIAKA MITATU ANASALI KWENYE KITI ALIYEMPOKELEA NI YULEYULE

Nasra 18:55
Nitamsomea, Bibi. Nitamuuliza na daktari pia. Yule dada wa mazoezi alisema kuna wanaopiga magoti tena na kuna wasioweza, asiahidiwe wala asikatishwe tamaa.

*Jumapili*

Zubeda 07:05
Assalam alaykum. Tuendelee. Wifi, ule mto uliosema umenunua wa kuweka chini ya goti, usiletwe. Goti likizoea kukunjwa juu ya mto halinyooki tena vizuri. Mto unakaa chini ya kisigino, goti linaning'inia linajinyoosha lenyewe.

Wifi Mwanahawa 07:30
Haya dada, nitaulalia mimi

Zubeda 07:34
Kukandwa pia. Bi Mwanaisha ameshasema atakuja na maji ya moto na mafuta ya nazi. Namheshimu, ametukanda sote tulipozaa. Lakini huu mguu hagusi. Shavu la mguu likiwa limevimba linauma huenda damu imeganda, ukilisugua inaweza kupanda mapafuni. Ni barafu ndani ya kitambaa, dakika ishirini, basi. Na akivimba shavu la mguu au kifua kikambana ni hospitali saa hiyohiyo, hakuna kusubiri asubuhi.

Sele 07:50
Nani atamwambia Bi Mwanaisha?

Zubeda 07:51
Wewe.

Sele 07:51
Bora sindano

Zubeda 08:00
Kwa hiyo Tandika. Mama Mkubwa ameshasema, sipingi. Nyuzi zinatolewa baada ya kama wiki mbili, na basi la kurudi Tanga, masaa sita amekunja mguu, halifai mapema hivyo. Ila Mama Mkubwa naye ana miaka 76, hawezi kumnyanyua mtu. Mimi nitakuja wiki ya kwanza, nitafunga mlango wangu. Wiki ya pili nani analala pale? USIKU nasema, si kuja kusalimia mchana.

Zubeda 08:00
Na wageni. Kila mtu wa mtaa atataka kumwona. Tuwapange, mwenye mafua abaki kwao.

Zubeda 09:45
Wiki ya pili.

Wifi Mwanahawa 10:20
Mimi nina zamu, naweza Jumatano na Alhamisi usiku

Zubeda 10:21
Ahsante wifi. Nimeandika. Na jana nisamehe, lile la Segera.

Wifi Mwanahawa 10:22
Yameisha

Rehema Maskati 12:40
Nimeomba likizo. Hawajanijibu. Wakikubali nakuja tarehe 25, nitalala mimi siku zote zilizobaki. Msimwambie Mama, wakinikatalia ataumia.

Zubeda 12:41
Simwambii.

Zubeda 12:44
Uje.

Hamisi 21:37
Assalam alaykum. Shikamoo Mama Mkubwa. Simu alikuwa nayo mtoto, mimi nimeyaona yote leo. Zubeda, la shuka nimelisikia, tutaongea tukikutana.

Hamisi 21:39
Damu nitachangia Jumatano pamoja na Sele, nitamshika mkono. Kiti nimempa seremala wa Buguruni, inchi 19, mikono miwili, mninga.

Hamisi 21:40
Ila swali. Choo cha Tandika ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Sikumbuki.

Sele 21:44
Mh.

Zubeda 21:45
Kuchuchumaa. Na kiko uani, kuna ngazi mbili za kushuka.

Hamisi 21:47
Kuna wanaotoboa kiti wanaweka ndoo chini, usiku kikakaa chumbani. Nimwambie seremala afanye viwili?

Zubeda 21:48
Mama atakubali ndoo kwa dada yake?

Zubeda 21:48
Nasra muulize Bibi. Polepole.

Nasra 21:52
Ameshalala. Miguu inacheza chini ya shuka, anakanyaga.

Zubeda 21:53
Kesho basi. Hamisi usimlipe seremala bado. Na kesho mtu apite Tandika na futi apime mlango.

Zubeda 22:10
Nani anapita?