Mvua ya kwanza imeshanyesha Tabora: nipande au nisubiri? Mwaka jana mchwa walinifilisi

Mwalimu wa Isevya

Wakuu, habari za majukumu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mwalimu, nilihamia Tabora mjini mwaka jana nikitokea Lushoto. Nimepanga Isevya, na nyuma ya nyumba kuna uwanja wa hatua kumi kwa nane hivi. Mwenye nyumba kaniruhusu nilime, mradi nisiuguse mwembe wake. Kwa mtu aliyekulia Usambaani, kuwa na kiwanja kitupu huku unanunua fungu la mchicha gengeni ni aibu. Nikajisemea bustani nitaiotesha hata usingizini.

Basi mvua ya kwanza ilipogonga bati mwishoni mwa Oktoba, kesho yake asubuhi nikahamisha miche sitini ya nyanya. Nilifanya kila kitu kama alivyonifunza mama: shimo, samadi, mche, maji, halafu nyasi kavu juu yake, nene kama godoro. Mvua ikaaga. Wiki mbili jua tupu, nanunua maji ya kumwagilia. Miche ikawa inalala mmoja mmoja. Siku moja nikafunua nyasi, nikakuta chini udongo umepakwa kama plasta, unapanda mpaka kwenye shina. Nikiushika mche unabaki mkononi, mzizi hakuna. Kati ya miche sitini ilipona mitano, na hiyo mitano Januari ikaingia madoa meusi kwenye majani, ikaisha.

Sasa juzi usiku imenyesha tena. Jana jioni kumbikumbi wametoka, watoto wa jirani wamekesha na beseni la maji chini ya taa. Jirani anasema hiyo ndiyo ishara, panda. Nina kitalu cha nyanya aina ya Tengeru 97, nina mbegu za mchicha na bamia, na samadi viroba sita nimeletewa wiki hii. Nipande au nisubiri? Na hawa mchwa nawafanyaje bila kumwaga sumu, maana nina mtoto wa miaka miwili anayekula udongo?

Naomba kuwasilisha.

Jembe Butu

Panda mwalimu. Mvua haina mkataba na mtu.

Babu wa Kiloleni

Mwangaluka mjukuu wangu. Usimsikilize huyo hapo juu, jina lake lenyewe linajieleza.

Huko kwenu Lushoto mna vuli na mna masika, ukikosea moja unasubiri nyingine. Huku kwetu mvua ni moja tu, inaanza Novemba na kuisha Aprili. Hizi za Oktoba ni za kulaza vumbi. Zinanyesha usiku mmoja, halafu jua linarudi kali kuliko mwanzo. Mimi situmii kalenda wala kumbikumbi. Natumia panga. Mvua ikikatika naenda katikati ya uwanja nachimba kishimo, napima unyevu umeshuka kiasi gani. Kama haujafika urefu wa kiganja pamoja na vidole vyake, narudi ndani kunywa chai. Ukifika, narudia tena mvua ya pili. Mara mbili mfululizo, ndipo natoa mbegu.

La pili ni udongo. Chukua konzi moja ukiwa na unyevu, finya, achia. Ukimomonyoka mkononi, hiyo ni kichanga, na najua utamomonyoka kwa sababu Isevya naijua. Kichanga hakishiki maji wala mbolea. Sisi wazee dawa yetu ni udongo wa kichuguu. Tafuta kichuguu kilichohamwa, kisicho na mchwa tena. Ule udongo una mfinyanzi mwingi na una nguvu. Uponde, changanya na samadi iliyooza, ndoo moja kwa hatua moja ya tuta. Mchwa alikula miche yako, na wewe kale nyumba yake.

Jembe Butu

Babu umeanza lini kutukana watu mtandaoni 😂 Ila kumbikumbi ni ishara tangu enzi za mababu, tusikatae.

Babu wa Kiloleni

Kumbikumbi anatoka kwa mvua moja na wengi wao hawafiki asubuhi. Mwalimu ana miche.

Mama Bamia

Mwalimu mwenzangu wa mateso pole sana. Mimi nauza mboga mwaka wa kumi na moja huu, na hizo ninazouza nyingi nazilima mwenyewe uani. Umeuliza kuhusu mchwa na mvua, hakuna aliyekuuliza kwa nini unapanda nyanya sasa hivi!

Nyanya na masika hawapatani. Yale madoa meusi ya Januari ni bakajani, ukungu ule. Mvua inanyesha, majani hayakauki, siku tatu shamba limeungua kama limepitiwa na moto. Ndiyo maana masika nyanya inapanda bei, wewe unadhani watu wote hawajui kulima? Panda kitalu cha nyanya mwezi wa tatu, hamisha mvua zikianza kukata, uvune kiangazi. Hapo utapambana na kantangaze, yule kiwavi anayechimba ndani ya majani, badala ya ukungu, lakini ukikagua majani kila siku na kung'oa yenye vichirizi, kwa bustani ya nyumbani unamweza.

Sasa hivi panda vitu vinavyoipenda mvua. Bamia: loweka mbegu usiku kucha, chomeka asubuhi, miezi miwili unavuna. Matembele: omba vipande kwa jirani, urefu wa mkono mpaka kiwiko, zika nusu. Kunde za majani. Maboga matatu tu pembeni, usizidishe, yatakuingilia mpaka chumbani. Mchicha ndio utakaokutoa aibu haraka, wiki tatu unakula. Na kunde zikikuzidi anika majani upate nsansa, hiyo utanishukuru Septemba wakati mboga zimekauka nchi nzima.

Hiyo miche ya nyanya uliyonayo, weka mitano sita chini ya upenu wa bati mvua isipofika. Iliyobaki wagawie wabishi.

Kijana wa Ipuli

Kwa mchwa ni rahisi. Huku tumbaku imejaa, chukua mabaki ya majani, loweka siku mbili, mwagilia kwenye mashina. Wadudu wote kimya.

Dagaa Mkavu

Naingilia kutoka Mwandiga, Kigoma. Sisi mvua zinatangulia kidogo kwa hiyo mimi nimeshapanda. Mchwa tunao pia. Mimi siwezi kuacha matandazo, jua la mwezi wa kumi linapika mizizi. Nilichobadilisha ni kwamba sitandazi nyasi kavu zikagusa shina. Naacha duara tupu la upana wa sahani kuzunguka kila mche. Na kivuli nakifanya kwa matawi ya michikichi, nachomeka upande wa magharibi yanakinga jua la alasiri, mche ukishika nayang'oa. Tabora michikichi si mingi najua, tumia hata matawi ya mwarobaini.

Mama Bamia

Mimi nyasi sitaki kuziona. Nyasi kavu Tabora ni karamu ya mchwa, umewaandalia na mkeka.

Bwana Shamba Mstaafu

Nimekuwa nasoma kimya, lakini hapo kwenye tumbaku lazima nisimame.

Mwalimu, usiweke maji ya tumbaku kwenye bustani yako. Kwanza ile ni sumu kamili, inapenya hata kwenye ngozi, na umesema una mtoto anayeokota kila kitu. Pili, tumbaku na nyanya ni ndugu wa ukoo mmoja, pamoja na pilipili, biringanya na nyanya chungu. Kuna virusi vya batobato vinavyokaa kwenye jani la tumbaku hata likiwa kavu, na vinahama kwa mkono tu. Mtu akishasokota sigara ya kienyeji asishike miche ya nyanya kabla hajanawa kwa sabuni. Wakulima wa tumbaku wenyewe wanalijua hili.

Kuna jambo la tatu, na hili ndilo linalonitia shaka zaidi. Udongo wa kichanga wa Tabora una minyoo fundo, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye mizizi. Wanapenda kichanga kwa sababu kinawapa njia. Mwalimu, ile mitano iliyobaki ulipoing'oa, mizizi ilikuwaje? Laini, au ina vinundu kama shanga?

Kuhusu matandazo, Mama Bamia na ndugu yetu wa Kigoma wote wana nusu ya ukweli. Mchwa wengi wanapendelea kitu kilichokufa kuliko kinachoishi. Ukifagia uwanja ukawa mweupe kabisa, umewaachia chakula kimoja tu, nao ni mche wako, hasa ukiwa umenyauka kwa kiu. Mche wenye maji ya kutosha wanausumbua kidogo, mche unaoteseka wanaumaliza. Kwa hiyo shina liwe wazi kama alivyosema wa Mwandiga, halafu rundo la mabua na nyasi uliweke kando ya uwanja, waende huko. Kosa lako la mwaka jana halikuwa nyasi peke yake. Ulipanda wiki mbili kabla ya mvua, miche ikawa na kiu, na ukaifunika kwa chakula cha mchwa.

Mwalimu wa Isevya

Bwana Shamba umenishtua. Mizizi ilikuwa na vinundu! Nilidhani ni vile vya kunde vinavyoleta rutuba, nikafurahi kabisa. Nikawaonyesha mpaka wanafunzi.

Bwana Shamba Mstaafu

Pole. Kinundu cha kunde kimeshikizwa pembeni ya mzizi, unakibandua kwa kucha na ndani ni chekundu chekundu. Cha minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, huwezi kukibandua bila kuukata.

Sehemu ile usirudishe nyanya, pilipili, biringanya wala bamia, bamia nayo inashambuliwa sana. Weka bamia upande mwingine, pale weka mahindi machache ya kuchoma, na ongeza samadi nyingi iliyooza. Hutawamaliza, utawapunguza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi kiko mlangoni kwenu, siku ukipata nafasi nenda ukaulize. Na mbegu nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, za kupimiwa kwa kijiko sokoni huwezi kujua ni za mwaka gani. Hiyo Tengeru 97 ukiipata safi mara moja, unaweza kujiwekea mbegu mwenyewe kwa sababu si chotara.

Mama Bamia

Na hiyo samadi ya wiki hii umeigusa? Ingiza mkono katikati ya kiroba.

Mwalimu wa Isevya

Nimeingiza mama yangu. Ina joto kama uji.

Mama Bamia

Haijaiva hiyo. Ingeunguza hata mchicha. Imwage chini ya mwembe, inyunyizie maji, funika kwa viroba hivyo hivyo, uigeuze kila wiki mbili. Itakuwa tayari Januari au Februari, kwa ajili ya nyanya zako za mwezi wa tatu. Kwa sasa tafuta ya mwaka jana kwa mfugaji, ile nyeusi isiyonuka, inayomeguka kama keki.

Jembe Butu

Tukiwa bado hapo, jembe langu linazunguka kwenye mpini kama feni. Nimepigilia vibao mara tatu. Tatizo nini?

Babu wa Kiloleni

Mpini umekauka kiangazi kizima ukiwa juani. Lizamishe jembe kichwa chini kwenye ndoo ya maji usiku mmoja, mti utavimba, utakaza. Halafu usiliache nje tena. Na ununue tupa, linoe. Utabadilisha na jina.

Fundi wa Cheyo

Kwa maji mwalimu, usimwagilie kwa jagi. Chukua ndoo ya rangi iliyokwisha, ioshe sana, toboa kitako kwa msumari mdogo matundu thelathini. Unaizamisha kwenye pipa, unaipitisha juu ya tuta, inanyesha kama mvua ya rasharasha. Kwa kila shina la boga chomeka chupa ya lita moja na nusu, mdomo chini, kitako umekikata. Maji yanakwenda kwenye mzizi moja kwa moja.

Mwalimu wa Isevya

Wakuu, nimerudi na mrejesho, leo ni wiki ya nne tangu nipande.

Nilisubiri. Jirani alipanda siku ile ile ya kumbikumbi, akawa ananipita akinicheka, nami nikiwa na panga langu nachimba vishimo kama mtu aliyepoteza pete. Jua likaja siku kumi na mbili. Mahindi yake yakajikunja majani kama sigara, amerudia nusu ya shamba. Sikumcheka, nilimpa miche ya nyanya ishirini (Mama Bamia ulisema nigawie wabishi).

Mvua ya pili kubwa ilipofikisha unyevu kiganja na vidole, nikapanda. Kichuguu nilipata nyuma ya shule, wanafunzi wakanisaidia kubeba kwa malipo ya maandazi. Mchicha nimeshaukata mara moja. Matembele yameshika yote isipokuwa vipande vitatu. Bamia ziko na majani manne. Rundo la mabua nimeliweka kwenye kona ya ukuta, nikilifunua nakuta mchwa wamejaa tele, wanatafuna, na kwenye tuta sijaona plasta hata moja.

Nyanya sita ziko chini ya upenu kwenye ndoo zilizokatwa. Mbili zimetoa maua.

Tatizo jipya ni kuku wa mwenye nyumba. Wamegundua kwamba udongo wa kichuguu uliopondwa ni mzuri kwa kuogea vumbi. Siwezi kuwafukuza kwa mawe, mwenye nyumba anakaa dirishani.

Mama Bamia

Matawi ya miiba juu ya tuta, na mayai uanze kununua kwake.