Naomba ushauri: mwalimu binafsi wa nadharia ya muziki, Bagamoyo

Habari zenu wakuu. Nipo Bagamoyo, napiga kinanda kwaya ya kanisani. Solfa (do, re, mi) naisoma bila shida, ila nikiwekewa nota za mistari mitano nakwama, hasa upande wa besi: mstari wa chini kabisa kule ni nota ya G, wakati mkono wa kulia mstari huo huo ni nota ya E. Nataka nifikie Gredi 5 ya nadharia ya ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza). Najua TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ipo hapa hapa, lakini masomo ya darasani hayaendani na ratiba ya kazi yangu. Nahitaji mwalimu wa kunifundisha peke yangu jioni, akae pembeni asahihishe mazoezi nikiona. Malipo huwa kwa saa au kwa mwezi? Na wa mtandaoni anafaa kweli kwa mazoezi ya kusikiliza? Nitashukuru sana.