Naombeni ushauri: nimeombwa niweke jina langu kwenye kesi ya kupinga sheria ya kubeba silaha (Maryland)

Duka_la_Kona, Machi 2023
Wakuu habarini za jioni. Niko Silver Spring, Kaunti ya Montgomery, nina grini kadi na kiduka changu. Nafunga saa nne usiku, natembea na mfuko wa mauzo mpaka nilipopaki gari na kanisa liko ng'ambo ya barabara tu, nimehesabu hatua 60. Kibali cha jimbo cha bastola ninacho, nilikipata baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua ile kesi ya Bruen Juni 2022, kwamba mtu wa kawaida ana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba yake. Novemba ya mwaka huohuo kaunti ikapitisha kwamba hata mwenye kibali asibebe ndani ya yadi 100 za kanisa, shule, maktaba, bustani, hospitali. Dukani kwangu naruhusiwa, nikivuka mlango tu nishakuwa mhalifu! Sasa kuna kikundi cha watu wa hapahapa, wanajichangisha wenyewe kumlipa wakili, wananitaka niwe mmoja wa wadai. Mke wangu hataki hata kusikia. Nifanyeje?

Mwanasheria_Mtaani
Kaka, mahakama inataka mtu halisi anayeumizwa na sheria, ndo maana wanakutafuta wewe. Maryland Shall Issue, kile chama cha kutetea wenye silaha, wameshaishtaki kaunti tangu 2021 na humo wamo watu binafsi pia. Ila ujue jina litabaki kwenye faili na yeyote anasoma, na utaandika kiapo unapita wapi na bastola kiunoni.

Mama Zawadi
Mdogo wangu, mimi wanangu wako maktaba kila Jumamosi na sheria hii naiunga mkono kabisa, sitaki bastola karibu yao hata ya mtu mwema kama wewe. Kwenda mahakamani ni haki yako lakini, sikukatazi.

Baharia_DMV
Mkuu umesema grini kadi, hapo ndo nimeshtuka. Kufungua kesi sio kosa, ila ukikutwa umebeba huko nje kabla hukumu haijatoka ukatiwa hatiani, kosa la silaha linatosha kukufukuzisha nchini hata uwe umekaa miaka 20. Ongea na wakili wa uhamiaji KWANZA, wa kikundi anatetea kesi, hatetei makaratasi yako.

Duka_la_Kona
Asanteni sana ndugu zangu. Nimemsomea mke wangu yote. Nitawachangia dola 50, jina lisubiri uraia. Bastola inalala kwenye sefu ya dukani na mauzo ntakuwa napeleka benki saa kumi, kabla giza halijaingia.